Wakunga Wetu Hawajapungukiwa Semina

Mdogo wangu wa kazini, mkunga hapa Dodoma anayesoma DNP (shahada ya udaktari ya uuguzi wa vitendo) kwa mtandao katika chuo kimoja cha Marekani, amenitumia andiko la mradi wake wa mwisho nilisome. Nimelisoma lote na tangu hapo sijatulia. Tatizo: patografu, zile chati za kufuatilia mama na mtoto wakati wa uchungu, hazijazwi ipasavyo wodi ya wazazi. Suluhisho: mafunzo ya siku mbili. Kipimo: mtihani kabla ya mafunzo, mtihani baada ya mafunzo.

Nikampigia. "Dada, msimamizi ameupenda," akaniambia, "anasema unapimika kirahisi."

Inaniuma, kwa sababu huyu binti anakesha wodini. Anajua fika kwa nini patografu hazijazwi. Alipokaa kuandika, akaiweka zamu yake pembeni na kuandika kama mgeni aliyetembezwa hospitali.

Tusemezane ukweli. Mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe na kuandikwa kila nusu saa. Uchungu, kila nusu saa. Kufunguka kwa njia ya uzazi na presha, kila saa nne. Sasa mpe mkunga mmoja kina mama wanne usiku, mmoja kashushwa na ambulensi kutoka Bahi presha ikiwa juu, mwingine kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Mapigo peke yake ni mara 8 kwa saa, hajaweka dripu, hajapokea mtoto, hajaongea na ndugu walioko mlangoni. Asubuhi unashika patografu: kalamu moja, mwandiko mmoja, nukta za mapigo ya mtoto zimelala kwenye 140 kuanzia mwanzo hadi mwisho, zimejazwa kwa mkupuo mmoja. Aliyeijaza anaijua patografu vizuri sana. Asiyeijua asingeweza kupanga nukta zikakaa sawasawa namna ile. Huyo unamwita semina ukamfundishe nini?

Na watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2 na kidogo mkoani kwetu. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 3. Kila aliye wodini anauona wingi huo vitandani.

Shahada hii haikuanzishwa ili tupimane kwa mitihani. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi cha Marekani, AACN, kilipoipitisha, kilitaka muuguzi bingwa wa vitendo, anayechukua kilichokwisha kuthibitishwa na kukifanya kifanye kazi pale mgonjwa alipo. Kutafuta elimu mpya ni kazi ya mwenye PhD. Mwongozo wa 2006 ukataka saa 1,000 za vitendo baada ya shahada ya kwanza. Saa zote hizo, halafu mradi uishie kwenye alama za darasani?

Nilichomwambia ni hiki. Usiandike kichwa cha habari kwanza. Chukua patografu za mwezi mmoja, ziweke kando ya kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), kile cha kuandikisha wanaojifungua, ukae chini. Angalia nafasi zilizo wazi zinaanza saa ngapi na zamu ipi. Pengine utakuta mchana zimejaa, na kuanzia saa sita usiku ni weupe mtupu. Hapo jambo lako ni mpangilio wa zamu. Pengine fomu huisha Ijumaa na stoo inafunguliwa Jumatatu. Pengine kifaa cha kusikilizia mapigo kimefungiwa kabatini kisipotee, na ufunguo umekwenda nyumbani na mwenye nao. Kila sababu ina dawa yake, na hakuna hata moja hapo inayotibiwa kwa slaidi. Ukishaijua, jaribu badiliko dogo kwa zamu moja, pima, rekebisha, rudia. Kipimo chako kiwe wangapi walisikilizwa mapigo kwa wakati.

Sikatai, mafunzo yana nafasi yake. Kifaa kipya kikija, lazima watu waonyeshwe. Hata utafiti wa E-MOTIVE kuhusu kuvuja damu baada ya kujifungua, uliochapishwa 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, ulikuwa na mafunzo ndani yake. Lakini pia uliwapa wakunga shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia damu badala ya kukadiria kwa macho, dawa zikawekwa pamoja zisitafutwe, na wodi zikarudishiwa takwimu zao wenyewe. Kuvuja damu kukali baada ya kujifungua, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Semina peke yake isingefika huko.

Kibali aulizie mapema, chuoni na hospitali, na kama NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wanahusika asisubiri dakika za mwisho. Muuguzi mfawidhi wa wodi aingie tangu siku ya kwanza, si siku ya kupiga picha.

Jambo la mwisho tulilobishana ni fomu aliyoibuni, ya rangi, nzuri kweli, ambayo anaitoa kopi kwa pesa yake. Nimemwomba aitupe. Wodi haina bajeti ya wino wa rangi, na siku akishavaa joho fomu ile itakwisha na mradi utakwisha nayo. Atumie patografu iliyopo, kalamu iliyopo, na ubao ulioko ukutani ambao zamu inayotoka tayari inaandika majina ya kina mama. Amesema atafikiria. Naomba afikirie kabla andiko halijapitishwa.