Mungu Mlinzi wa Wachina: Afisa wa Mbinguni au Mwenzi wa Watu Wake?

Mwaka Mpya wa Kichina unapokaribia, nyumba nyingi hubandikwa picha mbili za karatasi kwenye mlango wa mbele, moja kwa kila ubao. Mmoja ana uso mweupe, mwenzake ana uso mweusi. Wote wawili wamevaa deraya na kushika silaha, na hubandikwa wakitazamana, kwa kuwa wakipeana migongo huhesabiwa kuwa ni mkosi. Hawa ni Qin Qiong na Yuchi Gong, majemadari waliomtumikia Taizong, kaisari wa enzi ya Tang aliyetawala kuanzia mwaka 626 hadi 649. Hadithi inasema kaisari alikuwa hapati usingizi kwa kusumbuliwa na mizuka, majemadari wakajitolea kukesha mlangoni pake, mizuka ikakoma. Naye, alipoona kuwa sasa wao ndio wasiolala, akaamuru wachorwe, na picha zao ndizo zishike zamu.

Kisa hiki kifupi kimebeba swali ambalo watafiti wa dini ya Wachina wamelibishania kwa miongo kadhaa. Je, mungu mlinzi ni mtumishi wa serikali aliyepangiwa zamu na mamlaka ya juu, au ni mtu aliyeshikamana na watu wake kwa mapenzi na deni? Majemadari hawa wamo katika majibu yote mawili: walijitolea wenyewe kukesha, lakini picha zao ziliwekwa mlangoni daima kwa amri.

Upande unaosema ni afisa ulipata mtetezi madhubuti mwaka 1974, pale mwanaanthropolojia Arthur Wolf alipochapisha makala kuhusu wanakijiji wa kaskazini mwa Taiwan. Alionyesha kwamba kwao ulimwengu usioonekana umegawanyika kama huu wanaoujua: miungu ni maafisa, mababu ni ndugu, na mizuka ni wageni na ombaomba wasio na wa kuwatunza. Hoja hiyo ina mizizi mirefu katika historia. Mji wenye ngome ulikuwa na Chenghuang wake, jina ambalo maana yake ni ukuta na handaki la maji, naye ndiye mlinzi wa mji. Mwaka 1369 Zhu Yuanzhang, mwasisi wa enzi ya Ming, aliwapanga walinzi hawa kwa madaraja. Mwaka uliofuata akabadili msimamo, akafuta vyeo vyao vya kifahari na kuagiza sanamu zipishe vibao vya maandishi, kila mungu aitwe kwa jina la eneo lake tu. Hakimu mpya wa wilaya, kabla ya kukalia kiti chake, alitakiwa kulala katika hekalu la Chenghuang na kula kiapo mbele yake kwamba atatawala kwa haki. Mmoja alisimamia walio hai, mwingine alisimamia wafu na maovu ambayo baraza la hakimu halikuyaona. Chini yao alikuwapo Tudigong, mzee mwenye ndevu nyeupe na kibanda kidogo kando ya shamba, ambaye kwa msomaji wa Tanzania ni rahisi kumwelewa akimfikiria balozi wa nyumba kumi: cheo cha mwisho kabisa, lakini ndiye anayejua nani kazaliwa na nani kafa.

Makuhani wa Utao, mojawapo ya dini za asili za Wachina, nao waliendesha ibada zao kwa taratibu za ofisi. Maombi kwenda mbinguni huandikwa kwa muundo wa barua za serikali na kupigwa muhuri, na hirizi nyingi humalizikia kwa maneno yaliyotokana na nyaraka za enzi ya Han: haraka, haraka, kama sheria inavyoamuru. Hapa ndipo hirizi ya Kitao inapoachana na dua. Anayeomba hunyenyekea, ilhali kuhani wa Kitao, akiwa ameshika cheo chake katika daftari la mbinguni, humwandikia mlinzi amri kama mkubwa wake wa kazi. Watao wa mwanzo, katika karne ya 2, walikuwa wamepiga marufuku sadaka za damu na kuwadharau miungu waliolishwa nyama. Warithi wao waliona ni heri kuwaajiri, na ndiyo sababu mtu akiingia katika hekalu la Kitao mara nyingi hupokelewa na Wang Lingguan, mmoja wa walioajiriwa hivyo, mwenye macho matatu na silaha mkononi.

Hoja ya afisa, hata hivyo, hukwama ikifika baharini. Mazu, mlinzi wa mabaharia, husimuliwa kuwa alikuwa binti wa ukoo wa Lin aliyezaliwa mwaka 960 kwenye kisiwa cha Meizhou, mkoani Fujian, akafa kabla ya kuolewa. Hakuwa na cheo, wala mwanamke hangeweza kukipata katika utumishi wa kaisari. Wavuvi walimwita kwa sababu husimuliwa kwamba aliwahi kuwaokoa ndugu zake baharini huku mwili wake ukiwa umezimia nyumbani, na waliendelea kumwita kwa sababu waliamini anaitika. Dola ilikuja nyuma. Mwaka 1123 hekalu lake lilipewa kibao cha heshima na serikali ya kaisari wa enzi ya Song, baada ya mjumbe aliyetumwa Korea kunusurika dhoruba, na enzi zilizofuata zikampandisha hadi akawa Tianhou, Malkia wa Mbinguni. Historia hiyo inagusa hata pwani yetu: jiwe lililochongwa mwaka 1431 huko Changle, Fujian, kwa niaba ya Zheng He, amiri wa enzi ya Ming, na wenzake, linamshukuru yeye kwa safari za merikebu zao, likieleza jinsi nuru yake ilivyong'aa juu ya mlingoti wakati wa hatari, na katika orodha ya mapato ya safari hizo wanatajwa simba wa Mogadishu na mbuni wa Barawa.

Guan Yu naye anaisumbua hoja hiyo kwa namna nyingine. Ni jemadari aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya 3, naye pia alirundikiwa vyeo na makaisari, lakini huko Hong Kong madhabahu yake imo katika vituo vya polisi na imo pia kwa magenge yanayosakwa na polisi hao. Afisa hawezi kuwalinda mwindaji na mwindwa kwa pamoja. Mtu aliyesifika kwa kutovunja kiapo cha udugu anaweza, maana pande zote mbili zinamwendea kwa ajili ya kiapo.

Kwa hiyo, je, wanaosema ni afisa wamekosea? Sidhani. Ninachoona ni kwamba wamekitazama cheo kutoka juu tu, kama chombo cha kaisari cha kuwatisha raia. Kikitazamwa kutoka chini, cheo ni kamba inayomfunga mungu mwenyewe, kwa sababu aliyepewa kazi anaweza kudaiwa kazi. Mfano ni Chenghuang wa Hangzhou, Zhou Xin, mtumishi mwadilifu aliyeuawa kwa amri ya kaisari Yongle kwa tuhuma za uongo. Aliyefutwa kazini kwa upanga ndiye aliyerudishwa katika mji uleule kama mlinzi, na husimuliwa kwamba alimtokea kaisari akiwa na vazi jekundu, akasema amekuwa mungu ili awashughulikie maafisa wala rushwa. Lugha hapa ni ya ofisi tupu, ila anayeshtakiwa kwayo ni dola. Pengine hiyo ndiyo sababu Chenghuang alidumu hata serikali ya Kuomintang, chama cha kizalendo kilichotawala China wakati huo, ilipomweka, mwaka 1928, katika orodha ya miungu wa kufutwa, huku Guan Yu akiachwa.

Mungu wa jikoni, Zaojun, anaonyesha kamba hiyo ikivutwa nyumbani. Yeye hulinda familia na pia huipeleleza: tarehe 23 au 24 ya mwezi wa 12 wa kalenda ya Kichina hupanda mbinguni kutoa taarifa ya mwaka mzima. Kabla hajaondoka, picha yake iliyofukizwa moshi juu ya jiko hupakwa peremende ya kunata midomoni, ili aseme matamu au asiweze kufumbua kinywa, kisha huchomwa moto apae. Ukame nao ulikuwa na dawa yake. Mvua ilipokataa licha ya ubani na sadaka, watu walimbeba mungu wao nje ya hekalu na kumwacha juani, ngozi yake ya rangi ikipasuka, aonje yaliyoyapata mashamba. Na iliponyesha walimrudisha kivulini na kumchezea tamthilia ya nyimbo mbele ya mlango wake.