Mtazameni mikono kwanza mzee huyu

Kila ninaposoma maelezo ya mchoro wa mpiga gitaa mzee wa Pablo Picasso, mchoraji Mhispania, nakutana na hadithi ileile: mwaka 1901 rafiki yake, Carlos Casagemas, alijiua mjini Paris, Picasso akazama katika majonzi na kuanza kuchora kwa rangi ya buluu, kwa hiyo mzee huyu ni majonzi. Hadithi ni ya kweli. Ila inatuondoa mbele ya mchoro kabla hatujautazama.

Mzee ni kipofu, amekonda, bega limechomoza kwenye nguo iliyochanika, kichwa kimeanguka upande kama shingo imevunjika. Sasa tazama mikono. Wa kushoto uko juu, vidole vimebana nyuzi; wa kulia umefika penye tundu la gitaa. Huyu hajakata tamaa. Anapiga!

Na gitaa ni la kahawia. Ngozi, nywele, nguo, ukuta, vyote vimemezwa na buluu, gitaa likaachwa. Picasso alikuwa na miaka 22 tu alipouchora huko Barcelona, mwishoni mwa 1903 na mwanzoni mwa 1904, na kwangu uamuzi huo ndio kiini cha kazi nzima. Amemkunja mzee ndani ya ubao wa sentimita 123 kwa 83 hivi, hata akinyanyua kichwa hatoshi, na katikati ya mwili huo uliokunjwa akaliweka gitaa.

Wataalamu wa Art Institute of Chicago, jumba la makumbusho ya sanaa huko Marekani, ulipo mchoro tangu 1926, waliupiga eksirei wakakuta chini ya rangi mwanamke na mtoto. Uso wa mwanamke huonekana hata kwa macho matupu, juu ya shingo ya mzee. Wapo wanaomfanya kumbukumbu ya mzee. Sikubali. Picasso alikuwa fukara, akatumia tena ubao uliokwisha kuchorwa. Tusimwoze mzee mwanamke ambaye mchoraji alikuwa anamfunika.

Linaloniuma zaidi ni mzee huyu kuitwa ombaomba. Bakuli halipo. Kofia haijawekwa chini, mpita njia hayupo. Uombaomba tunamletea sisi, kwa kuwa tumezoea kwamba mzee, kipofu na maskini akishika ala, basi anataka sarafu. Picasso alimchora mwanamuziki akiwa kazini.