Mapato na Matumizi ya Storm Lake

Kuna ukurasa wa gazeti la hapa ninausoma kwa uchu kuliko habari za Simba na Yanga. Hauna picha, na herufi zake zinaumiza macho. Ni orodha ya malipo yaliyopitishwa na baraza la mji: nani kalipwa, kwa kazi gani, kiasi gani. Wino wa printa. Chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji. Matairi ya gari la polisi. Fundi aliyezibua bomba. Yote mpaka na senti zake.

Mji wenyewe ni Storm Lake, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, watu elfu 11 na ushee kwa sensa ya 2020. Msifikirie Marekani ya maghorofa. Ni mahindi na soya mpaka macho yachoke, ziwa, chuo kikuu kidogo, na viwanda vya nyama ya nguruwe na bata mzinga vilivyotuleta wengi wetu: Wamexico, Walao, Wasudani, watu wa visiwa vya Pasifiki, na sisi wengine. Upepo ukigeuka vibaya, harufu inakufuata hadi kwenye chai. Kwa hiyo sisifii pepo.

Lakini huo ukurasa! Sheria ya jimbo inataka kikao kikiisha, ndani ya siku 15 muhtasari wake uchapishwe pamoja na malipo yaliyoidhinishwa. Huandiki barua, humbembelezi mtendaji, huambiwi "njoo Alhamisi, mwenye ufunguo kasafiri". Unanunua gazeti, unakaa, unasoma.

Mshajua ninakoelekea. Kijijini kwetu mwenyekiti wa mwisho aliyetusomea mapato na matumizi tulishamzika, Mungu amrehemu, na daftari sijui lilikwenda wapi. Kila mmoja wenu ana mwenyekiti wake, sihitaji kueleza.

Na tayari nawasikia. "Huyu keshajisahau." "Kapanda ndege, sasa anatufundisha." Kuna kaka yangu mmoja ujumbe wake wa sauti ukiufungua unaweza kupika maharage yakaiva, na wote ni huo: Wamarekani nao wezi, acha ushamba. Kaka, nani kakataa? Tena mfano nakupa mimi mwenyewe, wa hapahapa.

Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines, mji mkuu wa jimbo, ilizishtaki kaunti tatu, yetu ya Buena Vista ikiwemo, kwa sababu ya naitreti, kemikali ya mbolea, inayotoka mashambani na kuingia mto Raccoon, ambao watu wa Des Moines wanakunywa maji yake. Kaunti zikaweka mawakili wa bei mbaya, na anayewalipa akawa siri. Gazeti hilihili la mji, la familia ya Cullen, likakomaa na swali moja: hizo fedha ni za nani? Ikaja kujulikana kuwa nyuma yake wapo wakubwa wa kilimo biashara. Kesi ilitupwa 2017, na mwaka huohuo mhariri wake, Art Cullen, akapewa Tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa tahariri zake. Kwa hiyo kuficha wanajua, tena sana. Wapo waliomnunia yule mzee kwa kuandika. Ila mtu akiuliza habari za fedha za umma hapa haitwi mchochezi, wala OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hamtumii salamu.

Mwingine ataniambia wenzetu matajiri. Sawa, barabara zao ni za matajiri. Karatasi moja ya kubandika mlangoni pa ofisi ya kijiji inahitaji utajiri gani?

Halafu kinachoniuma zaidi ni hiki. Wenyeji wa hapa huo ukurasa wanaupita tu. Ukienda kwenye kikao cha baraza unakuta viti vitupu. Unaruhusiwa kusema kidogo, kisha madiwani wachache wanapiga kura na kwenda kulala. Sisi sheria yetu ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilikipa kijiji mkutano mkuu, na wajumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, siyo madiwani peke yao. Mama yangu muuza ndizi ana nguvu katika mkutano ule ambayo Mmarekani wa Storm Lake hana mbele ya baraza lake! Na watu wetu wanakuja, wanasimama juani na watoto mgongoni. Halafu mwenyekiti anatazama umati wote ule na kutangaza akidi haijatimia.

Msiniambie pia hatuna mazoea ya mahesabu. Nani kasema? Ingieni kwenye kundi lolote la WhatsApp la kamati ya harusi: majina yamepangwa, ahadi upande huu, taslimu upande ule, aliyepunguza anajulikana, na mweka hazina akichelewa kusasisha siku moja anaoga matusi. Msibani ndiyo usiseme. Kabla watu hawajatawanyika, mtu anasimama na daftari: rambirambi kiasi hiki, jeneza, mchele, sukari, mafuta ya gari, salio wamekabidhiwa wafiwa. Hakuna sheria inayomlazimisha. Mtu huyohuyo mpe fedha za madarasa mawili, uone kama daftari halijaliwa na mchwa.

Juzi nilipiga picha ule ukurasa nikautuma kwenye kundi la kijiji, bila maneno makali, nikaandika tu kwamba wenzetu wanafanya hivi. Wakacheka, wawili wakaweka vidole gumba. Mtendaji akajitoa kwenye kundi. Kisha mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji akaniandikia kwa herufi kubwa kwamba wewe wa Marekani kelele nyingi, mchango wako wa vyoo vya shule uko wapi?

Mchango nilishatoa, shikamoo mzee, kwa simu, ujumbe wa muamala ninao. Risiti ya kijiji ndiyo bado sijaiona.