Usiguse, Imeandikwa na Mashine

Jamani, hivi ni kazi gani hii ambayo faili linaloamua kila kitu ni lile ambalo hakuna binadamu aliyeliandika? Naizungumzia config.h, heda (faili la .h) yenye mipangilio ya mradi wa lugha ya C. Juu kabisa ina onyo: imezalishwa na programu, usiihariri. Sawa, sihariri. Lakini mradi ukigoma, anaitwa nani? Mbona haiitwi hiyo programu?

Na inavyozalishwa sasa! Skripti ya configure inaihoji kompyuta kama afisa uhamiaji anayemhoji mtu aliyezaliwa palepale. Unayo string.h? Ndiyo. Unayo stdlib.h? Ndiyo. Bwana, hizo zimo kwenye kiwango rasmi cha lugha ya C tangu 1989! Mimi nimekaa nakodoa macho, nasubiri kompyuta ithibitishe kwamba ni kompyuta.

Halafu wapo waungwana wasiotaka Autoconf (ndiyo inayozaa hiyo configure) wala mwenzake CMake, wanajiandikia skripti yao ya kuzalisha version.h. Namba ya toleo, safi. Kisha wanatia tarehe, saa, dakika na sekunde. Sekunde! Anayezihitaji ni nani? Na make, programu inayoendesha ujenzi wa mradi, haisomi yaliyomo ndani ya faili, inatazama tu lilibadilishwa lini. Heda ikiwa mpya kuliko faili la .o (msimbo uliokwisha kukompailiwa), kila kinachoitegemea kinakompailiwa upya, yaani kinageuzwa tena kuwa lugha ya mashine. Na version.h nani haitegemei? Kwa hiyo nimesahihisha herufi moja kwenye maoni ndani ya msimbo, mradi mzima unaanza safari upya. Autoconf na CMake, pamoja na maudhi yao yote, hulinganisha kwanza, na kama hakuna kilichobadilika huliacha faili la zamani lilivyo. Mwambie bwana skripti naye afanye hivyo: aandike kwenye faili la muda, alinganishe, ndipo abadilishe. Atakuambia utafute kompyuta yenye kasi.

Kasi ndiyo balaa lenyewe. Makefile, yaani faili la maagizo ya make, imesahau kusema kwamba heda inatakiwa izalishwe kabla ya main.o. Kazi zikienda moja moja, heda inatangulia kwa bahati tu. Weka make -j8, kazi nane kwa mpigo, uone: kompaila inafika kabla heda haijazaliwa, inalia kwamba haioni faili. Unaendesha mara ya pili, inapita, maana sasa heda ipo! Hapo mtu anafunga tiketi na kuandika, "Kwangu inafanya kazi."

Tab nisizitaje, lakini nitazitaja. Stuart Feldman aliiandika make mwaka 1976 pale Bell Labs, akaamua mistari ya amri ianze na tab. Alipofikiria kubadilisha, tayari alikuwa na watumiaji kama dazani moja, akaona asiwaudhi. Dazani! Hao ndio waliohurumiwa, sisi tuliobaki, tukiweka nafasi za kawaida, tukarithishwa kosa la "missing separator".

Yote hayo nayavumilia. Kinachonitoa jasho ni heda ya marehemu. Kuna mtu aliwahi kujenga ndani ya saraka (folda) ileile ya msimbo, akafuta takataka zake zote isipokuwa config.h. Mimi, mstaarabu, najenga kwenye saraka ya pembeni. Nazalisha config.h mpya, nawasha kila ninachotaka, nakompaili. Hakuna kilichowaka. Nasoma config.h yangu: vyote vimewashwa. Nakompaili tena: giza. Kumbe #include, amri ya kuita heda, ikiwa na alama za nukuu huanza kutafuta kwenye saraka ya faili linaloita. Inaikuta ile ya zamani, inaridhika, hata onyo haitoi. Nyaraka za Autoconf zinashauri mabano ya pembe, <config.h>, kwa sababu hiyohiyo, lakini nyaraka za Autoconf zina wasomaji wangapi? Git, inayotunza historia ya msimbo, nayo ukiiuliza, inakujibu kuwa saraka ni safi kabisa, kwa kuwa config.h imeandikwa kwenye .gitignore, orodha ya faili za kupuuzwa. Yaani faili lipo, linaamua mambo, na kila chombo kimeagizwa kutolitaja.

Ukiomba ushauri, wenzako wote wana jibu moja: "Futa saraka ya build, uanze upya." Haya, nafuta. Saraka isiyo na hatia ndiyo inayonyongwa kila siku, mkosaji yuko kule kwenye msimbo amejifunika .gitignore, na mradi mzima unakompailiwa tena.