Tubadili kompyuta ya rada, antena tuiache mlingotini

Panda chombo cha doria cha zamani, ufungue kabati la rada. Juu mlingotini antena bado inazunguka vizuri na chuma chake ni kizima. Balaa limo ndani ya kabati: bodi zimeganda chumvi, viungio vya nyaya vimeota kutu ya kijani, na chipu zina namba ambazo hutazipata Darajani wala Kariakoo, kwa sababu kiwanda kilishaacha kuzitengeneza. Bodi moja ikifa, rada yote imekufa, na baharia anarudi kutegemea macho yake.

Rada ya namna hiyo watu huitupa, au huiacha pale pale kama pambo huku wakisubiri nyingine kutoka ng'ambo. Mimi napinga yote mawili. Antena na mtambo wa kurushia mawimbi vikiwa vizima, tuviache. Tung'oe kompyuta iliyochakaa, mahali pake tuweke kompyuta ya kawaida inayouzwa madukani, yenye programu ambazo vijana wetu wanaweza kuzisoma na kuzirekebisha.

Kazi yenyewe si muujiza. Rada inatoa ishara tatu: ya kwanza inasema mpigo wa mawimbi ya redio umetoka, ya pili ni mwangwi unaorudi, ya tatu inaeleza antena imeelekea wapi. Mawimbi ya redio hukata mita 300 kwa mikrosekunde moja, na kwa kuwa yanakwenda na kurudi, kila mikrosekunde ya kungoja ni mita 150 za umbali. Kadi ya kompyuta inayopima mwangwi mara milioni 50 kwa sekunde inakupa picha yenye hatua za mita 3. Kompyuta ya mezani ya leo inaimudu kazi hiyo bila taabu. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipoanza kutia melini NTDS, mfumo wa kompyuta wa kukusanya habari za rada, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 32,768 tu, kila neno likiwa fungu la biti 30, yaani tarakimu za sifuri au moja. Wahandisi wale walifanya kazi kubwa kwa kumbukumbu ndogo. Lakini mashine za aina ile zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi peke yake, na gharama ya kuzitunza ikawa mzigo hata kwa tajiri. Mwaka 1994 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, William Perry, aliagiza vifaa vya kawaida vya sokoni vipewe nafasi ya mbele, na mwishoni mwa muongo ule nyambizi zao zikaanza kubadilishiwa kompyuta za sona, yaani mitambo ya kusikiliza chini ya maji, vipokea sauti vikiachwa vile vile.

Kwetu faida kubwa zaidi naiona kwenye programu. Wakati wa kusi, mkondo wa Pemba unachafuka, na kila wimbi linarudisha mwangwi wake. Skrini inajaa vidoadoa. Ngalawa ya mbao, isiyo na chuma cha kurudisha mwangwi wa maana, inapotea humo humo. Nahodha akipunguza nguvu ya kupokea ili aondoe mawimbi, ameiondoa na ngalawa. Programu nzuri hufanya jambo jingine: inakumbuka mizunguko kadhaa ya antena na kuilinganisha. Doa la wimbi linaonekana hapa, mzunguko unaofuata halipo. Doa la ngalawa linadumu, hata likiwa hafifu. Katika kabati la zamani hesabu hiyo imefungwa ndani ya bodi, huwezi kuigusa. Kwenye kompyuta ya kawaida kijana aliyesoma Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, anaweza kuiandika, akaijaribu kwa bahari yetu na vyombo vyetu, kisha akairekebisha.

Meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Ilikuwa imezidisha watu, na ugonjwa huo rada haiutibu. Lakini anayetoka gizani kwenda kuokoa anahitaji kuviona vyombo vidogo vilivyomzunguka, na kwangu hilo ni jambo la roho za watu.

Wanaopinga wanasema vifaa vya dukani havihimili joto, chumvi na mtikisiko. Wana haki, ndiyo maana viwekwe kwenye sanduku lililozibwa vizuri, na kompyuta ya pili iwe tayari pembeni. Vinachakaa upesi pia, kwa hiyo fedha za kuvibadilisha kila baada ya miaka michache ziwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kinachonitia hofu zaidi ni programu isiyojaribiwa. Mwaka 1997 manowari ya Marekani, USS Yorktown, iliyokuwa ikiendeshwa kwa kompyuta za kawaida, ilikwama baharini kwa zaidi ya saa mbili kwa sababu sifuri iliingizwa pasipostahili na programu ikajaribu kugawanya kwa sifuri. Kwa hiyo rada isifungwe mtandao mmoja na injini. Na rada za kuongozea silaha zina masharti yake, mimi nasema za ulinzi wa pwani na uokozi.

Mkataba wowote utakaotiwa saini udai mambo mawili: maelezo kamili ya ishara zote tatu tukabidhiwe kwa maandishi, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka rada ijaribiwe kati ya Nungwi na Mkoani, mwezi wa Julai, ngalawa zikiwa baharini.