Konokono wa Magamba ya Chuma na Madini ya Bahari ya Hindi

Mwaka 2019, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lilimwingiza konokono Chrysomallon squamiferum katika Orodha Nyekundu kama kiumbe aliye hatarini kutoweka. Alikuwa wa kwanza kuingizwa humo kwa sababu ya uchimbaji madini wa bahari kuu, kazi ambayo hata haijaanza makwao. Wapo walioona hizo ni kelele za mapema mno. Mimi naona zilikuja kwa wakati.

Konokono huyu ana urefu wa sentimita chache tu. Makazi yake yako chini ya Bahari ya Hindi, kina cha zaidi ya mita 2,400, kwenye matundu yanayotoa maji ya moto. Mguu wake umefunikwa kwa magamba ambayo, sehemu nyingi, yamepakwa salfaidi ya chuma. Chakula hutengenezewa na bakteria wanaoishi kwenye tezi kubwa ya koo lake, nao hutegemea kemikali za maji hayo. Tundu likiharibiwa, hana pa kuhamia.

Wanaotetea uchimbaji wana hoja nzito. Matundu hayohayo hurundika shaba, zinki, dhahabu na fedha. Dunia inataka shaba kwa nyaya na magari ya umeme, na shaba ya nchi kavu ina gharama yake: waulize waliohamishwa kupisha migodi Kolwezi, Kongo. Tena, wanasema, matundu hufa yenyewe na viumbe wake wamezoea misukosuko.

Hoja hiyo ya mwisho inafaa Pasifiki Mashariki, ambako sakafu ya bahari hupanuka kwa kasi na tundu huweza kuzimika baada ya miongo michache. Kwenye matuta ya chini ya Bahari ya Hindi upanukaji ni wa polepole zaidi, na maeneo ya matundu huweza kudumu muda mrefu mno. Kiumbe aliyezoea utulivu wa namna hiyo hatujui atainukaje baada ya mashine kupita.

Eneo la matundu la Longqi, mojawapo ya makazi ya konokono huyu, liko ndani ya mkataba wa utafutaji madini ambao China ilipewa mwaka 2011. Kairei, makazi yake mengine, limo katika ule wa Ujerumani wa 2015. Kuchimba matundu yaliyokwisha kupoa kunaweza kujadiliwa, ingawa vumbi la matope linalotimuliwa na mashine halijui mpaka. Yaliyo hai yapigwe marufuku sasa, wakati kanuni za uchimbaji zingali mezani kwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, inayosimamia madini ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi, huko Kingston, Jamaika. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mamlaka hiyo, na bahari inayozungumziwa ndiyo hii yetu. Wajumbe wao walitamke hilo waziwazi.