Kipa Aliyeachwa Peke Yake Edmonton

Mwonyeshe shabiki wa Simba au Yanga takwimu za Grant Fuhr bila kumtajia jina, atakwambia kipa huyo aachwe dirisha dogo. Katika maisha yake yote kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, alifungwa wastani wa mabao zaidi ya matatu kwa mechi. Hata kwenye hoki ya barafu hizo si namba za kutamba nazo. Na bado mwaka 2003 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki, mchezaji wa kwanza mweusi kufika humo.

Ninapobishana na wenzangu kuhusu Edmonton Oilers, timu ya Kanada aliyoidakia Fuhr, wao huanza na kumaliza na Wayne Gretzky. Siwalaumu. Mtu aliyefunga mabao 92 katika msimu mmoja hana haja ya wakili. Ila mimi mtu wangu ni Fuhr.

Timu hiyo iliingia NHL mwaka 1979 ikitokea WHA, ligi pinzani iliyokuwa imekufa. Kocha Glen Sather akawakusanya vijana: Gretzky, Mark Messier, Jari Kurri wa Ufini, na Paul Coffey, ambaye kwenye karatasi alikuwa beki. Nasema kwenye karatasi kwa sababu msimu wa 1985-86 alifunga mabao 48. Beki gani huyo? Msimu wa 1983-84 timu nzima ilifunga mabao 446 katika mechi 80, rekodi inayosimama hadi leo.

Sasa jiulize, watu wote hao wakipanda, nyuma anabaki nani? Anabaki Fuhr, kijana wa Spruce Grove, mji mdogo jirani na Edmonton, na kisahani cha raba kinamjia kwa kasi ya gari la barabara kuu. Wenzake walijua wakipoteza huko mbele yeye atazuia, na ndiyo maana walithubutu kwenda wote. Wastani wake mbaya ulikuwa gharama ya raha yao. (Nitakuwa nimedhulumu nisipomtaja Andy Moog, aliyegawana naye lango miaka ya mwanzo.) Hivyo ndivyo makombe ya Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ya 1984, 1985, 1987 na 1988 yalivyopatikana.

Pengo la 1986 lina kisa chake. Aprili 30, mechi ya saba na ya mwisho ya mfululizo wa mchujo dhidi ya majirani wasiopikika chungu kimoja, Calgary Flames, matokeo yakiwa 2-2. Beki Steve Smith, akiwa nyuma ya lango lake mwenyewe, akapiga pasi ya kukatiza mbele ya goli. Kisahani kikagonga mguu wa Fuhr kwa nyuma, kikaingia. Siku hiyo Smith alikuwa anatimiza miaka 23. Akaanguka kwenye barafu, na alipoinuka alikuwa analia. Mwaka uliofuata Oilers walipotwaa kombe, nahodha Gretzky alilipokea, akageuka na kumkabidhi Smith kabla ya mwingine yeyote. Katika yote aliyofanya Gretzky, mimi hilo ndilo nalipenda kuliko mabao yake.

Agosti 1988 mmiliki Peter Pocklington akamuuza Gretzky kwa Los Angeles Kings, Kanada ikaingia msibani. Messier akalibeba kombe la tano mwaka 1990, Bill Ranford akiwa langoni, na tangu hapo ni ukame. Connor McDavid amewafikisha fainali 2024 na 2025, zote wakapigwa na Florida Panthers, na hiyo ya 2025 walibadilisha makipa katikati ya mfululizo.

Wanaotaka kumpima kipa kwa mabao aliyofungwa nawakumbusha fainali ya Kombe la Kanada, mashindano ya timu za taifa, ya 1987 dhidi ya Wasovieti, Fuhr langoni. Mechi tatu, zote ziliisha 6-5. Akafungwa mabao 16, na Kanada ikabeba kombe.